Muhuri wa Buluu Juu ya Mlima

Kabla sijaeleza jinsi nilivyokaribia kuirudisha familia yetu yote Tanga kwa sekunde moja, inabidi nieleze habari za mihuri.

Baba yangu alifanya kazi kwenye ofisi ya kuchapa fomu, mtaa wa Muraqqabat, Dubai. Ukitaka kuomba viza, kufuta viza, kumwongeza mkeo kwenye viza au kumtoa, unaingia pale, unakaa kwenye kiti cha plastiki na kumweleza baba shida yako kwa lugha yoyote uliyojaliwa, naye anaichapa kwa Kiarabu. Halafu anagonga muhuri. Bila muhuri hakuna kitu. Nimekua nikiamini kwamba hata mvua Dubai hainyeshi kwa sababu hakuna aliyeigongea muhuri.

Mihuri ya ofisi ilikuwa minne, ila mmoja ndio nilioupenda. Wa duara, wino wa buluu, jina la ofisi kwa Kiarabu juu na kwa Kiingereza chini, namba ya sanduku la posta, na katikati tarehe ambayo unaizungusha kwa kidole. Chini ya tarehe, neno moja la Kiingereza: RECEIVED, yaani IMEPOKELEWA. Nilipokuwa mdogo baba alinipa muhuri ule nichezee ili ninyamaze, asijue anafuga nini. Nikagonga ndizi. Nikagonga chapati za mama, tukazila hivyohivyo. Darasani nikamgonga shingoni kijana wa dawati la mbele aliyekuwa amelala, akazunguka shule nzima hadi saa ya kwenda nyumbani akiwa amepokelewa.

Na mimi na baba tulikuwa na mchezo wetu. Ofisi ilifungwa saa saba mchana na kufunguliwa saa kumi, kama ofisi nyingi za kule. Basi la shule lilinishusha pale saa nane, kwa sababu nyumbani kwetu International City ni mbali na mama alikuwa anasuka watu nywele Al Baraha hadi jioni. Kwa hiyo saa zile za mapumziko nilikuwa mfalme wa ofisi tupu yenye kiyoyozi. Baba akitoka kusali alasiri, kabla hajafungua mlango kwa wateja, ananinyoshea mkono, nami namgonga mgongo wa kiganja.

"Umepokelewa," namwambia.

"Alhamdulillahi," anajibu. "Nilidhani nitarudishwa."

Kila siku maneno yaleyale, na kila siku tunacheka. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa kwa nini yanachekesha. Viza yangu ilining'inia kwenye viza ya baba, ya mama vilevile, na ya baba ikaning'inia kwa arbab, yaani mwenye ofisi, ambaye ndiye kafeel wake, mdhamini. Kama nguo kwenye kamba moja: msumari ukichomoka zote zinaanguka, hata zile zilizokwisha kukauka. Mwaka ule familia ya Wamombasa waliokaa juu yetu ilichomokewa na msumari. Baba yao alikorofishana na bosi wake, viza ikafutwa, wakapewa siku za kuhesabu. Wakauza friji, wakauza vitanda, wakalala chini. Binti yao aliniachia samaki wake kwenye chupa ya jemu. Samaki yule aliishi siku nne, nami sikumwambia mwenyewe.

Sasa, picha.

Aliileta mzee mmoja Mchina, Jumatatu jioni, nikiwa nyuma ya kaunta nikijifanya napiga hesabu. Mzee huyu alikuwa na duka la taa na vitu vya umeme, na kafeel wa duka lake alikuwa huyuhuyu arbab wetu, kwa hiyo baba alimfahamu. Alikuwa anafunga duka na kurudi kwao moja kwa moja, ndege Ijumaa. Kila kitu kilikwishauzwa isipokuwa hiki kimoja, na alitaka barua ya Kiarabu ya kuonyesha uwanja wa ndege kwamba ni mali yake, hakuiiba wala hakuinunua huku. Arbab angeisaini Alhamisi. Ila arbab ana desturi moja: hasaini kitu asichokiona kwa macho yake. Basi mzee akaombwa aiache picha ofisini hadi Alhamisi.

Ilikuwa imeviringishwa kama mkeka, ndani ya mfuko wa kitambaa, ndani ya sanduku jembamba la mbao. Mzee alinawa mikono kwanza kwenye sinki letu lenye vikombe vichafu. Akajifuta, akangoja ikauke kabisa, ndipo akaikunjua juu ya kaunta taratibu, baba akishika upande mmoja kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

Nilisogea kuchungulia. Ilikuwa ya wino mweusi tu, mahali mweusi sana, mahali kama moshi. Mlima. Chini yake maji, au ukungu, sikujua. Njia nyembamba inapanda kati ya mawe, inapotea, inatokea tena juu zaidi, na hapo ubavuni, karibu na msonobari uliopinda, kibanda. Nguzo nne na paa, hakina kuta. Kidogo kuliko ukucha wangu. Na juu ya hapo, hakuna. Nusu ya karatasi nzima haikuwa na kitu.

Baba alianza kuichapa ile picha. Sijawahi kuona kazi ya kuchekesha kama ile. Alimuuliza mzee kwa Kiingereza chao cha dukani kama hii ni nyumba, mzee akasema si nyumba, ni mahali pa kukaa. Nani anakaa? Hakuna mtu. Baba akachapa: kibanda kimoja, kitupu. Miti akaihesabu. Kuhusu ile nusu isiyo na kitu alifikiri sana, kisha akaandika kwa Kiarabu kwamba sehemu ya juu ni hewa. Halafu akaona alama nyekundu pembeni, nyingine za mraba, nyingine ndefu, zimeandikwa kwa maandishi yao.

"Mihuri?" baba akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona amefurahi, amekutana na kitu anachokijua.

"Mihuri," mzee akakubali.

Ilikuwa saba. Baba akachapa: mihuri saba myekundu. Mzee alitaka kueleza zaidi, simu ya mteja ikalia, mambo yakaishia hapo. Picha ikaviringishwa, ikaingia kabatini, na baba akaniangalia mimi, si mtu mwingine, akasema nisiiguse.

Jumanne saa nane na nusu, baba akiwa ametoka kula, nilikuwa nimeikunjua juu ya kaunta nzima.

Nilinawa mikono, nisisingiziwe. Nilitaka kuitazama bila ya watu wazima kunizibia. Na kadiri nilivyoitazama nilizidi kuwa na uhakika kwamba nimeielewa. Mihuri ile, kwa akili yangu, ilikuwa ya safari. Mtoto aliyekulia chini ya meza ya viza atafikiri nini kingine? Picha imeingia nchi, imegongwa, imetoka, imegongwa. Saba. Ilikuwa imetembea kuliko mimi na ukoo wangu. Lakini mzee alimwambia baba kwamba amekaa nayo Dubai miaka mingi, na hakuna hata muhuri mmoja wa hapa. Nikacheka peke yangu. Picha imekaa Dubai bila viza. Ijumaa itakamatwa uwanjani. Maskini, nani ataisaidia?

Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa, au kwamba muhuri uliniponyoka. Hapana. Niliweka tarehe sawasawa, nikachagua mahali penye nafasi, juu ya kibanda, pale ambapo baba aliandika hewa. Nikagonga. Kwa raha kabisa.

Raha yenyewe ilidumu muda wa kuinua mkono.

Wino kwenye fomu hukaa pale ulipoambiwa ukae. Kwenye karatasi ile ulianza kutembea. Duara likavimba ukingoni, likaota manyoya, nami nimesimama muhuri mkononi, nikiitazama tarehe ya siku ile ikinenepa juu ya mlima. Nilichukua tishu, nikaibonyeza. Tishu ikatoka na buluu kidogo. Nikasema kumbe inatoka, nikailowesha tishu kwa maji. Usifanye hivyo kamwe. Buluu ikatandaa kama pumzi kwenye kioo, nusu ya maandishi ikafifia na nusu ikabaki inasomeka vizuri sana. Sasa mlima wa mzee ulikuwa na wingu lenye sanduku la posta.

Nikapepea kwa daftari la hesabu. Nikapepea hadi mkono ukaniuma. Nikaviringisha, nikarudisha mfukoni, sandukuni, kabatini, nikaosha muhuri kwa sabuni kana kwamba ndio uliokuwa na kosa. Baba alipoingia akaninyoshea mkono. Nikamgonga. Nikasema umepokelewa. Akasema alidhani atarudishwa. Nikacheka, na kicheko kilitoka chembamba, kama cha mtu aliyebanwa mlangoni.

Kuanzia hapo nilijifunza kwamba hofu haikai kichwani. Inakaa kwenye ulimi, ambao unakuwa mkubwa kuliko mdomo. Nilipiga hesabu ambayo mwalimu wangu angeshangaa kuiona, ilikuwa imenyooka. Alhamisi arbab ataikunjua. Muhuri una jina la ofisi yake, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Barua ya baba inasema mihuri saba, kwa hiyo baba ni mwongo au mzembe. Arbab atafuta viza ya baba. Kamba inaanguka. Niliwaza nani nitamwachia vitu vyangu, na nikagundua sina hata samaki.

Nyumbani sikula. Mama aliniwekea mkono shingoni kupima homa, akaniangalia kwa jicho moja huku lingine liko kwenye sufuria.

"Hauumwi wewe," akasema. "Umenyamaza. Umevunja nini?"

Nikamwambia sijavunja kitu, na ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akaendelea kunitazama. Kaka zake huko Tanga anawajua kwa hatua zao tu, mimi atanikosaje? Lakini alikuwa amesimama siku nzima akisuka vichwa vya watu, miguu imevimba, akaniacha. Nilitamani anibane. Nilitamani mtu anishike masikio aitikise ile habari itoke yenyewe. Watu wakikuzoea kuwa mcheshi hawakubani; wanangoja umalizie mzaha.

Jumatano jioni mzee alikuja ofisini. Nilimwona kwenye kioo cha mlango, na miguu yangu ikaanza kutafuta pa kwenda bila mimi. Alileta uzi mpya wa kufungia ile picha, maana wa zamani ulikuwa umechakaa. Alimwomba baba amtolee akaubadilishe. Baba alikuwa na Mhabeshi na fomu za watu wanne, akamwambia angoje kidogo, akae. Basi akakaa. Karibu yangu. Akatoa mbegu za alizeti mfukoni, akanimwagia kiganjani bila kuniuliza, na tukakaa tunazibangua kama kasuku wawili, mmoja wao akiwa amebomoa kiota cha mwenziwe.

Pengine alikuwa mpweke, duka likiwa tupu. Alianza kunieleza, kwa Kiingereza cha polepole, jambo ambalo simu ilimkatiza Jumatatu. Mihuri ile saba ni watu. Kila aliyewahi kuimiliki picha, akaitazama na kuipenda, aligonga wake: mimi nilikuwa hapa. Wa kwanza ni mchoraji mwenyewe, ambaye hakuwa mtu mashuhuri. Mwingine ni wa babu ya babu yake. Mwingine alikuwa mjinga tu mwenye fedha, aligonga karibu mno na msonobari, na familia imemsema hadi leo. Wa mwisho ni wa baba yake.

Kile kibanda, akasema, ni cha mtu aliyepanda akachoka. Unakaa, unavuta pumzi, unatazama. Njia bado inaendelea juu. Mchoraji hakumweka mtu ndani ili nafasi iwe yako.

Nilikuwa nahesabu kichwani fomu za Mhabeshi: zimebaki mbili.

Mzee akatoa kitu mfukoni. Kijiwe cha mraba, kirefu kama kidole, na kikopo kidogo cha kaure. Akafungua kikopo: ndani wino mwekundu mzito kama majani ya mchicha yaliyopondwa, kama mchicha ungekuwa mwekundu. Muhuri wake. Babu yake ndiye aliyemchongea alipozaliwa.

"Wako upi pale?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto wa chekechea.

"Wangu haupo."

"Kwa nini, anko?"

Alifunga kikopo. "Miaka arobaini," akasema. "Kila mwaka nasema mwaka huu. Naogopa kuiharibu."

Mbegu zikanikwama kooni. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na mzee akanipiga mgongoni kwa huruma, jambo ambalo sitalisahau. Kisha adhana ya magharibi ikaadhiniwa, baba akamwomba radhi, akasema uzi watabadilisha kesho arbab akiwepo. Mzee akaondoka. Mimi nikaenda chooni nikakaa juu ya mfuniko hadi baba alipogonga kuuliza kama nimehamia.

Alhamisi saa tisa baba alikuwa amelala juu ya viti vitatu vya wateja, viatu chini, leso usoni. Arbab angekuja saa kumi na moja. Nilisimama kichwani pake muda mrefu. Nilikuwa nimetunga maneno kwenye basi la shule, ya adabu, ya mtu mzima. Yalipofika mdomoni hayakuwepo. Kilichokuwepo ni upuuzi wangu wa kila siku.

"Baba."

"Mm."

"Kuna kitu kimepokelewa."

Na baba, bila kuondoa leso, akaninyoshea mkono.

Nilitazama mkono ule. Ulikuwa bado na kivuli cha buluu cha jana, alichokisugua kwa udhu na hakikutoka. Nikasema, "Si wewe, baba," na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Baba aliitoa picha kabatini, akaikunjua mwenyewe. Nilingoja kofi, na ningelishukuru. Hakunigusa. Alitazama wingu langu, akainama akasoma tarehe, akasoma sanduku la posta, kama vile huenda ni ofisi nyingine. Halafu akazunguka meza na kukaa kwenye kiti cha plastiki. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba amekaa upande ule, upande wa watu wenye shida. Aliweka mikono magotini, kama wateja wanavyoiweka. Mpaka dakika ile nilidhani hofu yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kumwona baba yako anaogopa ni kama kuona ukuta unahema.

"Arbab akiuliza," akasema, "ni mimi."

"Lakini baba…"

"Mtu mzima akikosea ofisini ni bahati mbaya. Mtoto akikosea, ni uzembe wa mtu mzima. Umeelewa? Barua iliteleza, picha ikawa chini yake. Ni mimi."

Nikasema nimeelewa. Siku ile hakwenda msikitini. Alisali palepale nyuma ya kaunta, na sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu sana.

Arbab alikuja na mzee. Alinukia udi kuliko msikiti siku ya Idi, simu mbili mkononi, kanzu nyeupe kama karatasi mpya, na nilipomwona nikafikiria jinsi wino ungetembea juu yake. Akili yangu ni ya ajabu, hata inapokaribia kufa inatania. Mzee alinawa mikono. Akafungua uzi wa zamani. Baba alikuwa amesimama ameinua kidevu, kama askari anayengoja kusomewa adhabu. Picha ikaanza kushuka juu ya kaunta: kwanza ukingo wa hariri, kisha ile hewa.

Mzee alitoa sauti ndogo. Si ya kulia wala ya hasira. Sauti ya mtu aliyepanda ngazi nyingi na hajakuta mlango.

Arbab aliinama, akasoma jina la ofisi yake kwa sauti, pole pole. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote, nani.

"Mimi, arbab," baba akasema. "Nilikuwa nagonga barua, ikateleza."

Ulikuwa uongo mzuri. Ungepita. Arbab akageuka kumtazama baba, akamtazama kama mtu anayeisoma tena fomu iliyokosewa, na nikaiona kamba yetu, nguo zetu zote juu yake, kanga za mama, sare yangu ya shule. Nikamwona mzee ameshika ukingo wa picha kwa vidole viwili, hajui la kufanya na vidole vilivyobaki. Huyu mzee alinipiga mgongoni nilipopaliwa.

"Ni mimi, sir," nikasema.

Haikutoka kwa ushujaa. Ilitoka kama matapishi. Baba aliniambia ninyamaze, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, lakini arbab aliinua kidole akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli, kwa Kiarabu changu cha shule: nilidhani ni mihuri ya safari, ya kuingia na kutoka nchi. Picha haikuwa na wa Dubai. Niliona itapata shida.

Baba alilazimika kumtafsiria mzee. Maisha yangu yote nimeishi kwa kungoja watu wacheke, ila sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Hakuna aliyecheka. Kiyoyozi kilinguruma. Simu moja ya arbab ilitetemeka mkononi mwake, akaiacha itetemeke.

Mzee ndiye aliyetangulia kusogea. Alitoa kile kijiwe. Akafungua kikopo, akakipiga kijiwe kwenye wino mwekundu mara tatu, nne, akakigeuza kukiangalia. Kisha akaegemea kaunta, akashika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na akagonga. Aligonga pembeni mwa wingu langu, juu yake kidogo, buluu ikaingia chini ya nyekundu. Alibonyeza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mimi najua inavyohitajika.

"Andika upya barua," akamwambia baba. "Nyekundu nane. Buluu moja."

Sitaki kudanganya kwamba alinisamehe. Hakunitazama, si wakati ule wala alipoondoka. Miaka arobaini aliogopa kuiharibu, na sasa hapakuwa na cha kuogopa, nilikuwa nimemmalizia kazi. Sijui kama hiyo ni zawadi. Sidhani. Uzi mpya aliufunga mwenyewe, baba alipotaka kumsaidia alimsogeza kwa kiwiko, bila ukali.

Baba alichapa. Nilisikia kila herufi. Arbab akasoma mstari wa mihuri mara mbili, akasaini. Kisha akanyoosha kiganja, na baba akaelewa, akamwekea ufunguo wa ofisi. Kuanzia Jumapili ofisi itafungwa na arbab mwenyewe au mtu wake, mchana watu wote nje, na mtoto asionekane ndani. Khalas, basi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Viza yako inaisha lini?"

"Mwezi wa pili, arbab."

"Inshallah," arbab akasema, akatoka.

Aliyeishi Dubai anajua kwamba inshallah ya namna ile inaweza kuwa chochote. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa fungasha. Tuliishi ndani ya inshallah ile miezi minne. Mama alipoambiwa alianza tu kutonunua vitu vizito. Sufuria yetu kubwa ilitoboka na hakuileta nyingine. Mchana nilikaa kwenye ngazi za jengo, karibu na duka la juisi, pamoja na baba, yeye kwenye kidato chake na mimi kwenye changu, jasho likituteremka. Hakunigombeza hata mara moja. Hakuninyoshea mkono pia. Na sikuwa na muhuri, kwa hiyo hata angeninyoshea ningemgonga na nini?

Mwezi wa pili baba alichapa fomu yake mwenyewe. Siku ambayo arbab alikuja kuisaini mimi nilikuwa kwenye ngazi na sare ya shule, begi mapajani, nikisikiliza mashine ya juisi ikisaga barafu na kuomba dua zote ninazozijua, pamoja na ile ya kuingilia chooni, kwa sababu nyingine zilikwisha. Nilikaa pale hadi kivuli cha jengo kikavuka barabara.

Baba alitoka mikono mitupu. Hakuwa na fomu, hakuwa na bahasha. Uso wake haukuniambia kitu, uso wa mtu wa viza haukwambii kitu, ndiyo kazi yake. Alishuka vidato viwili, akakaa kando yangu, akaninyoshea mkono.

Juu ya mgongo wa kiganja kulikuwa na duara la buluu, limejaa, tarehe ya siku ileile. Alikuwa amejigonga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo lilikuwa limekaa upande.

Nilifungua mdomo nimwambie neno letu. Akanitangulia.

"Nilidhani nitarudishwa," baba akasema. "Arbab amesaini."

Nikamtazama usoni kuona kama anatania.